Injini Iliyotumika na Maneno ya Kuikagulia

Makala za istilahi zimezoea kuanza na orodha ya maneno ya kigeni, kisha mwandishi huyatafutia visawe moja baada ya jingine mpaka orodha imalizike. Safari hii tumeona heri tuanze na kitu chenyewe. Kitu hicho ni injini ndogo ya pikipiki, iliyokwisha kutumika, ambayo imelazwa juu ya gunia katika gereji ya wazi huko Kinyerezi, Dar es Salaam. Watu wawili wameinama juu yake. Mmoja ataka kuinunua ili aifunge katika pikipiki yake ambayo injini yake imekufa. Wa pili ni fundi, naye anaombwa aseme kama yafaa au haifai. Muuzaji amesimama kando. Hakuna hati ya dhamana wala kitabu cha mtengenezaji. Mapatano yote yatafanyika kwa maneno ya mdomo, na fedha itakayotolewa ni akiba ya miezi kadhaa ya mtu ambaye riziki yake ni kubeba abiria.

Ni dhahiri basi kwamba hapo neno moja likiwa na maana mbili, mmoja kati ya watu hao watatu atapata hasara. Katika makala haya tutaufuata ukaguzi huo kwa utaratibu ambao fundi mwangalifu huufuata, na kila tutakapokutana na neno linalostahili kuzungumzwa tutasimama kidogo. Tutasema ni neno lipi tunaliona linafaa kubaki kama lilivyo gerejini, na ni lipi linahitaji kusaidiwa.

Kinyerezi iko magharibi mwa jiji, katika Wilaya ya Ilala, mbele ya Tabata na Segerea, kwenye njia iendayo Malamba Mawili hadi Mbezi. Wengi huijua kwa mitambo yake ya kufua umeme kwa gesi asilia. Ule uitwao Kinyerezi II, wenye uwezo wa megawati 240, ulizinduliwa mwaka 2018. Mitambo hiyo imeandikwa sana magazetini, na kwa sababu hiyo maneno kama mtambo, gesi asilia, kufua umeme na gridi ya taifa hayamsumbui msomaji yeyote. Lakini injini ndogo zinazopita mchana kutwa mbele ya mitambo hiyo, zenye ujazo wa sentimita za ujazo 100, 125 au 150, hazijaandikiwa karibu kitu chochote kwa Kiswahili. Mafundi huutaja ujazo huo kwa kusema "sisi mia na ishirini na tano", wakifuata matamshi ya herufi mbili za Kiingereza, na sisi tunaoandika makala haya tunakiri kwamba mara ya kwanza tulidhani tunaitwa.

Jina la chombo chenyewe halina tatizo. Pikipiki ni neno lililozaliwa kutokana na mlio, kama lilivyozaliwa tukutuku ambalo siku hizi halisikiki sana. Bodaboda lilianza kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu mpakani baina ya Kenya na Uganda, upande wa Busia, likahamia kwenye pikipiki, na hapa Tanzania likashika zaidi baada ya biashara hiyo kuwekewa kanuni mwaka 2010. Hakuna kamati iliyokaa kulitunga hata moja kati ya maneno hayo matatu.

Tatizo linaanza pale muuzaji anaposema, "Hii ni mtumba, lakini nzima kabisa." Asili ya mtumba ni mzigo uliofungwa pamoja. Baadaye likawa jina la nguo zilizovaliwa ng'ambo na kuletwa kwa marobota, na sasa ni jina la kila kitu kilichokwisha kutumika. Katika biashara ya vipuri neno hili lina heshima yake, kwani wako wanunuzi wanaokithamini kipuri halisi cha mtumba kuliko kipya cha kuigiza. Lakini Kiswahili kina maneno mengine mawili ambayo muuzaji hayatamki kwa hiari yake: kuukuu, yaani kilichochoka, na chakavu, yaani kisichofaa tena ila kupelekwa kwa wanaoyeyusha chuma. Injini tatu za namna hiyo huweza kulala juu ya gunia moja na zote zikaitwa mtumba. Kwa hiyo sisi twapendelea kwamba katika maandishi rasmi kitumike kifungu "injini iliyotumika", kwa kuwa hakihukumu hali ya kitu. Hali yake na iamuliwe na ukaguzi.

Ukaguzi wenyewe huanza kabla spana haijaguswa, kwa kutafuta namba ya injini. Namba hiyo imegongwa katika ganda la injini, upande wa chini, na huarifu mambo mawili.

La kwanza ni la kisheria. Kadi ya usajili itolewayo na Mamlaka ya Mapato Tanzania huonyesha namba ya fremu na namba ya injini pia. Injini ikibadilishwa, kadi haina budi irekebishwe. La sivyo chombo na karatasi yake vitakuwa vikisema mambo mawili tofauti mbele ya askari. Na iwapo uso uliobeba namba umesagwa kwa tupa, au tarakimu zimegongwa upya zikapanda na kushuka kama meno ya mtoto, mnunuzi aondoke hapo hata kama bei inavutia. Injini ya namna hiyo huenda ina mwenyewe anayeitafuta.

La pili ni la aina ya injini. Injini nyingi zilizotoka China zimeandikwa maandishi kama 156FMI au 162FMJ, na watu huyachukua kuwa ni namba tu. Kumbe ni maelezo kamili. Tarakimu 1 ni idadi ya silinda. Tarakimu 56 au 62 ni kipenyo cha silinda kwa milimita. Herufi F yaonyesha kuwa injini hupozwa kwa upepo, M kuwa ni ya pikipiki, na herufi ya mwisho ni daraja la ujazo: I kwa 125 na J kwa 150. Msomaji anaweza kulihakikisha jambo hili kwa hesabu ya shule: silinda yenye kipenyo cha milimita 62, ambayo pistoni yake hupanda na kushuka milimita 49.5, hutoa ujazo wa sentimita za ujazo 149 na kitu. Mnunuzi ambaye kadi yake inasema 125 akiuziwa injini iliyoandikwa 162FMJ, hata kama itaingia katika vishikio vya fremu bila shida, amejinunulia swali ambalo atalijibu barabarani. Waliotunga herufi hizo walitunga istilahi fupi isiyo na maana mbili, na tunawaonea wivu kidogo.

Baada ya namba, macho huzunguka nje. Fundi hutafuta ufa, hasa kandokando ya matundu ya kufungia injini kwenye fremu na karibu na sproketi ndogo, ambako cheni ikikatika hupiga ganda na kulipasua. Hutazama kama ganda limechomelewa. Hutazama pia kama gundi ya gasketi imefurika katika maungio, kwani gundi nyingi ni dalili kuwa injini imekwisha kufunguliwa na mtu mwenye haraka. Vichwa vya bolti vilivyolika pembe husema jambo hilo hilo. Kisha huangaliwa tundu la plagi, na hapo twasikia "tredi imekufa", maana yake ile mifereji ya kuzungushia plagi imelika na plagi haishiki. Kiswahili kina neno la siku nyingi kwa mifereji hiyo, nalo ni hesi. Vijana wengi wa gerejini hawalijui. Lingeweza kufufuliwa bila gharama, ingawa hatuoni kwamba tredi inamdhuru mtu.

Sasa tunalifikia neno ambalo kwa kweli ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Neno hilo ni kunoki.

Kijana mmoja tunayemfahamu alinunua injini iliyotumika baada ya kumwuliza muuzaji, "Kaka, haijawahi kunoki?" Akajibiwa kwamba haijawahi kunoki hata siku moja. Injini ikafungwa, na kabla ya juma kwisha ikaanza kugonga kwa ndani kila alipopanda kilima. Siku chache baadaye ikafa njiani akiwa na abiria. Aliporudi kulalamika, muuzaji akaapa kuwa hakusema uongo, na sisi tuliposikiliza pande zote mbili hatukuona uongo. Kwa muuzaji, kunoki ni pistoni kukamatana na silinda kwa joto au kwa kukosa oili mpaka injini isizunguke tena. Na injini ile ilikuwa inazunguka vizuri. Kwa kijana, kunoki ni kule kugonga, yaani sauti ya chuma kupiga chuma inayotoka katika beringi ya mkono wa pistoni iliyolika. Neno la Kiingereza lilikotoka lina maana hii ya pili, lakini lilipoingia gerejini kwetu limepanuka likabeba kila namna ya kifo cha injini.

Ni jambo la kushangaza kwamba Kiswahili kina vitenzi viwili vilivyo tayari. Pistoni iliyoshikwa katika silinda imekwama, au kwa msisitizo zaidi imeganda. Beringi iliyolika hugonga. Mtu akiuliza, "Je, iliwahi kukwama? Je, hugonga?" hawezi kujibiwa kwa jibu moja la kuteleza. Hatupendekezi kunoki lifutwe, halifutiki. Twapendekeza lisitumike katika swali la mnunuzi, katika kitabu cha mafunzo, wala katika hati ya mauziano.

Injini iliyokwama hugunduliwa kwa urahisi. Fundi huchomoa plagi, hukanyaga kiki polepole kwa mkono, na kusikiliza. Mzunguko uwe laini. Ukikwaruza kana kwamba kuna mchanga ndani, beringi za krenki zina kasoro, kwa maana gololi zake zimelika au zimepata kutu. Hapa tuseme mara moja kwamba maneno plagi, kiki, krenki na beringi tunayaona yamekwisha kuwa Kiswahili. Kila fundi huyaelewa kwa maana moja, hupokea viambishi vya ngeli bila kusumbua, na hakuna aliyepata hasara kwa sababu yake. Gololi nalo ni neno zuri ambalo lilianza katika michezo ya watoto likaja kufanya kazi ya watu wazima.

Plagi iliyochomolewa husomwa rangi yake. Ikiwa ya kahawia isiyokolea, injini ilikuwa ikichoma mafuta vizuri. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi, mchanganyiko wa petroli ulizidi. Ikiwa nyeusi na yenye utelezi, oili inapenya mahali pa kuchomea. Ikiwa nyeupe, injini ilikuwa ikipata hewa nyingi kuliko petroli na huenda imepata joto la kupindukia. Lakini plagi ni shahidi anayeweza kubadilishwa kwa dakika moja. Plagi mpya inayong'aa katika injini yenye matope haisemi lolote, na fundi mzoefu huipuuza.

Kipimo kinachofuata ndicho kikubwa zaidi kuliko vyote vinavyoweza kufanywa bila kufungua injini. Gerejini huitwa kompresheni. Wengine huziba tundu la plagi kwa kidole gumba na kukanyaga kiki; kidole kikisukumwa kwa nguvu huridhika. Njia hiyo huitambua injini iliyokufa kabisa, lakini haitofautishi injini nzima na iliyo nusu. Afadhali kutumia geji, ambayo hukazwa katika tundu la plagi, kiki ikakanyagwa mara kadhaa mpaka mshale usipande tena.

Je, geji hiyo hupima nini? Hapa wasanifu wa istilahi wamekwisha kufanya kazi nzuri ambayo gereji haijapata habari zake. Katika istilahi za fizikia liko neno kanieneo, lililoundwa kwa kuunganisha kani na eneo, yaani kiasi cha kani kinachoangukia eneo fulani. Liko pia neno mgandamizo, ambalo ni kile kitendo cha kukibana kitu kikapungua ujazo. Pistoni inapopanda hufanya mgandamizo. Geji husoma kanieneo. Kompresheni ya gerejini imeyachanganya yote mawili, na ndiyo maana utasikia "kompresheni ipo" bila ya mtu kutaja kiasi. Ukisema "kanieneo ni kadha" huna budi utaje tarakimu, kwa kuwa ni neno la kipimo. Hatutazamii kwamba fundi wa Kinyerezi ataanza kusema kanieneo kesho asubuhi. Lakini mwalimu wa chuo cha ufundi, kama vile chuo cha VETA kilichoko Chang'ombe, anaweza kuonyesha tofauti hiyo ubaoni kwa dakika tano, na mwanafunzi wake akaipeleka gerejini.

Mshale ukisimama chini, jambo la kujua ni pepo hizo zinatorokea wapi. Fundi humwaga oili kiasi cha kijiko kimoja cha chai katika tundu la plagi, hukanyaga kiki mara mbili tatu ili oili itambae, kisha hupima tena. Mshale ukipanda zaidi kuliko mwanzo, maana yake oili imeziba mwanya baina ya pistoni na silinda. Kasoro iko huko. Mshale usipopanda, hewa inatoka juu, kwenye vali au kwenye gasketi ya kichwa cha silinda. Kwa kijiko kimoja cha oili mnunuzi amejua kama anakabiliwa na gharama kubwa au ndogo. Hatujui kipimo kingine cha gerejini kinachotoa habari nyingi hivyo kwa bei ndogo hivyo.

Kasoro ikiwa kwenye pistoni, watu husema "ringi zimekwisha". Ringi ni neno la pili linalotutia wasiwasi. Katika mitaa yetu ringi ni lile duara la chuma la gurudumu la baiskeli ambalo watoto hulisukuma kwa kijiti, na kwa magari na pikipiki watu huita hivyo hivyo duara la gurudumu. Ringi ya pistoni ni kitu kingine kabisa: ni duara jembamba la chuma lililokatika mahali pamoja, linalokaa katika mfereji ulio ubavuni mwa pistoni, na kazi yake ni kuzuia hewa isishuke na oili isipande. Mtu akitumwa Kariakoo na kikaratasi kilichoandikwa "ringi za pikipiki", mwenye duka hana budi kuuliza ringi zipi. Hapa lugha ina neno pete, ambalo kila mzungumzaji analijua, na lenye umbo lile lile, mahali pa kuvaliwa, na hata lile wazo la kubana. Pete ya pistoni haihitaji kufafanuliwa. Tunaambiwa mara kwa mara kuwa watu hawatalikubali neno jipya. Lakini pete si jipya, limebadilishiwa kidole tu.

Ikiwa muuzaji atakubali kichwa cha silinda kifunguliwe, na mnunuzi mwenye akili hulipa kidogo ili kikubaliwe, ukaguzi huingia ndani. Uso wa juu wa pistoni mara nyingi una tarakimu zilizogongwa: 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00. Hizo ni sehemu za milimita ambazo pistoni imezidi ukubwa wake wa kiwandani, kwa sababu silinda ilikwisha kuchongwa ili kuondoa mikwaruzo. Pistoni isiyo na tarakimu huenda ni ya kwanza. Pistoni yenye 1.00 yaonyesha silinda iliyochongwa mpaka mwisho wa ukubwa wa kawaida, na haitachongwa tena. Itakapolika itatakiwa silinda mpya au silivu. Gerejini huitwa oversaizi. Sisi twaona "ukubwa wa ziada" latosha.

Pete huingizwa peke yake katika silinda, ikasawazishwa kwa kusukumwa na pistoni, na nafasi iliyo baina ya ncha zake hupimwa kwa fila, yaani vile vipande vyembamba vya chuma vilivyoandikwa unene wake. Nafasi ikizidi nusu ya milimita katika injini za ukubwa huu, pete au silinda imelika. Kuta za silinda hupapaswa kwa ukucha. Ukucha ukinasa katika mkwaruzo, oili nayo itanasa na kupanda.

Kisha fundi hushika mkono wa pistoni. Jina hili hushindana na konrodi, nasi tunaliunga mkono kwa moyo wote, kwani kitu hicho kina bega juu na kiwiko chini, na kazi yake ni kusukuma. Fundi huusimamisha mkono, kisha hujaribu kuuvuta na kuusukuma juu na chini bila ya krenki kuzunguka. Baadaye huusukuma upande huu na upande huu. Mazungumzo ya gerejini kwa majaribio hayo mawili hutumia neno moja, "inacheza". Lakini uzito wa majibu si mmoja hata kidogo. Kucheza kidogo kwenda ubavuni ni jambo lililokusudiwa na mtengenezaji. Mkono usiocheza kabisa upande ungekwama. Kucheza kwenda juu na chini, hata kwa kiasi cha kusikika tu kidoleni, ni beringi iliyolika, na ndiyo itakayogonga. Yule kijana wetu angeujaribu mkono hivi angeokoa akiba yake. Twapendekeza istilahi mbili, "mchezo wa wima" na "mchezo wa ubavu", ili fundi aandikapo taarifa asiandike "inacheza" akaishia hapo.

Twapenda kuongeza neno kuhusu njia tuliyoifuata. Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, na tangu siku hizo wasanifu wamekuwa wakielekezwa kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu na lugha nyingine za Kiafrika, na mwishowe katika lugha za kigeni. Utaratibu huo ni mzuri. Lakini wakati mwingine tumeuelewa kana kwamba Kiswahili chenyewe ni kamusi tu, na gereji si mahali pa kutafutia. Neno mkono wa pistoni halikutoka katika kamusi yoyote. Lilitoka mdomoni mwa mtu mwenye grisi mikononi. Na kwa upande mwingine, asiyekwenda gerejini hawezi kujua kwamba kunoki lina maana mbili, kwa kuwa katika kila sentensi moja moja linaonekana kuwa na maana moja tu.

Kwa vali hatutakawia. Katika injini za muundo wa Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 na ambayo viwanda vingi vya China vimeufuata muundo wake, vali husukumwa na fito mbili zinazopanda kutoka chini. Katika nyingine, mhimili wa kusukuma vali umekaa juu kichwani na huzungushwa na cheni ya taiming. Ni vyema mnunuzi ajue anayo ipi, maana ya fito haina cheni ya kulegea na kupiga kelele, na ya cheni haina fito za kupinda. Uwazi wa vali hupimwa injini ikiwa ya baridi. Kwa ile ya fito kipimo kilichozoeleka ni milimita 0.08. Mafundi huita kazi hiyo "kuseti tapeti".

Oili huondolewa yote na kutazamwa katika chombo cheupe. Vumbi laini la chuma ni la kawaida; vipande vinavyoonekana kwa macho ni meno ya gia au sehemu za beringi. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji. Katika jiji hili jambo hilo lapasa kuogopwa, kwani mafuriko ya Bonde la Msimbazi, kama yale ya Desemba 2011, huacha nyuma vyombo vingi vilivyozama, na injini iliyolala majini hukaushwa nje ikang'aa huku beringi zake zikiota kutu ndani. Gia hujaribiwa zote, moja baada ya nyingine, kwa kuzungusha sproketi ndogo kwa mkono huku pedeli ikikanyagwa. Gia isiyokaa juu ya gunia haitakaa barabarani. Sahani za klachi ni rahisi na hubadilishwa, kwa hiyo zisiwe sababu ya kukataa injini nzuri, ila ziwe sababu ya kupunguza bei. Sili za oili, sisi tungezibadilisha zote bila kuuliza, maana mpira uliokauka hauna dalili mpaka utakapovuja.

Mwisho hutazamwa waya za magineti. Soketi ikilingana haina maana kwamba umeme umelingana: ziko sidiai zinazotegemea umeme wa magineti moja kwa moja na ziko zinazotegemea betri, na injini ya aina moja ikifungwa kwenye waya za aina nyingine haitawaka, au itawaka na kuunguza kifaa. Fundi hulinganisha idadi na rangi za waya za injini ya zamani na za hii kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Injini iliyofaulu haya yote hufungwa, hujazwa oili mpya, na kiki hukanyagwa mara kadhaa plagi ikiwa nje ili oili ipande kabla ya moto wa kwanza. Kama pete ni mpya, kwa kilomita mia kadhaa za mwanzo dereva huendesha taratibu, bila mzigo mkubwa wala mwendo wa kasi, hadi pete na silinda zizoeane. Kazi hiyo haina jina linalokubaliwa na wote. Wako wanaolitamka neno la Kiingereza kwa namna tatu tofauti katika gereji moja, na wako wanaosema tu "kwenda polepole", jambo ambalo halielezi sababu. Tumelisikia pia likiitwa kuilea injini, na kati ya yote tuliyoyasikia Kinyerezi hilo ndilo tungependa wasomaji walijaribu na kutuandikia.